Seli imezeeka au imepumzika tu? Utatuzi wa matatizo kwa anayefuatilia protini za kromatini

Mpelekee mkulima wa viazi wa Uyole mbegu, na kabla ya kuuliza bei atakuuliza: hii ni ya msimu wa ngapi? Anajua kiazi kilichorudiwa shambani msimu baada ya msimu kinakusanya maradhi na mavuno yanashuka, hata kama kwa macho bado kinapendeza. Nimeotesha seli za binadamu hapa Mbeya kwa miaka kadhaa sasa, na karibu kila tokeo la kromatini, yaani DNA pamoja na protini zinazoifunga, nililoletewa na kijana akisema "hili limenishinda" lilikuwa na jibu lake ndani ya swali la mkulima huyo. Seli hizi zina umri gani hasa, na umezilinganisha na zipi?

Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye ameshaotesha fibroblasti (seli za tishu unganishi), ameshatoa protini za kwenye kiini, ameshapiga picha, kisha matokeo yakamkalia vibaya. Mashine na kingamwili tutazifikia. Tuanze na umri.

Kabla ya dalili yoyote: hesabu umri vizuri

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia, walionyesha kwamba fibroblasti za kawaida za binadamu hazigawanyiki milele. Zikishaongezeka maradufu mara 50 hivi, zaidi au pungufu kwa 10, zinasimama. Hazifi; zinakaa hai kwa wiki na miezi, zikila na kutoa taka, ila hazigawanyiki tena. Kabla yao wengi waliamini madai ya Alexis Carrel, yaliyoanzia mwaka 1912 kwa seli za moyo wa kuku, kwamba seli ikitunzwa vizuri haina mwisho. Mwaka 1990 Calvin Harley, Bruce Futcher na Carol Greider wakaonyesha kwamba telomea, yaani ncha za kromosomu, hufupika kadiri fibroblasti zinavyozeeka chomboni.

Kipimo cha umri huo ni idadi ya maradufu. Pasaji, yaani mara ngapi umehamisha seli kutoka flaski moja kwenda nyingine, haitoshi. Anayegawa flaski moja kuwa mbili ameongeza maradufu moja kwa kila pasaji. Anayegawa moja kuwa nane ameongeza tatu. Wote wawili wakiandika "pasaji ya 12" kwenye kichupa, mmoja ana seli changa na mwenzake ana wazee. Hesabu yenyewe ni nyepesi: chukua logi ya idadi uliyovuna, toa logi ya idadi uliyopanda, zidisha kwa 3.32. Ukipanda seli 200,000 ukavuna 1,600,000, umeongeza maradufu 3. Andika hesabu hiyo kwenye daftari kila mara, bila kuruka hata siku moja.

Kuna umri mwingine unaojificha, nao huwapata sana watu wa huku kwetu. Tuliwahi kuletewa vichupa kutoka Dar es Salaam vikiwa kwenye barafu kavu. Basi likakwama mlima Kitonga, nyuma ya malori, usiku kucha. Vilipofika vilikuwa vimeanza kuyeyuka. Seli zilizopona zilikuwa chache mno, ila zilijaza flaski baada ya wiki mbili na nusu, tukafurahi, tukaendelea na namba iliyokuwa kwenye kibandiko. Fikiria: kama ni seli moja tu kati ya kumi iliyopona, hiyo moja lazima iongezeke maradufu zaidi ya mara tatu ili kurudisha zile tisa. Hizo maradufu hazikuandikwa popote. Tangu siku hiyo, kila kichupa kikiyeyushwa tunahesabu seli hai zilizoshika chini baada ya saa 24, na hiyo ndiyo idadi tuliyopanda.

Ni nini kinachotarajiwa kubadilika

Ukishajua umri, jua picha ya kawaida ili utambue kilichopinda. Fibroblasti inapozeeka, histoni (protini zinazofunga DNA) ya aina ya H1, inayofunga kromatini, hupungua na protini za HMGA huchukua nafasi kwenye kromatini. Aina ya histoni iitwayo macroH2A hujikusanya kwenye sehemu zilizofungika, pamoja na protini za HP1. Lamini B1, mojawapo ya nyuzi za wavu ulio chini ya utando wa kiini, hushuka sana. HMGB2 hupungua, HMGB1 hutoka ndani ya kiini na kuishia nje ya seli. Kimeng'enya cha EZH2, kinachoweka alama ya H3K27me3 kwenye histoni H3, hushuka; alama hiyo huondoka kwenye jeni la p16, na p16, protini inayosimamisha mgawanyiko, hupanda. Utengenezaji wa histoni H3 na H4 mpya hupungua. Na hubaki vidoa vichache vya kudumu vya γH2AX, ishara ya DNA iliyojeruhiwa, baadhi yake vikiwa juu ya telomea zenyewe.

Si kila ukoo wa seli unaonyesha yote haya. WI-38 na IMR-90, zilizotoka kwenye mapafu ya vijusi, huonyesha mengi. BJ, zilizotoka kwenye ngozi ya govi la mtoto, zina p16 kidogo na mabadiliko mengine huonekana kwa shida. Ukisoma makala iliyotumia ukoo mmoja ukategemea wako ujibu vilevile, umeshajitafutia usumbufu.

Dalili: seli zimepunguza mwendo mapema mno

MRC-5, ukoo mwingine wa mapafu ya kijusi, inajulikana kufikia maradufu 42 hadi 46 kabla ya kuanza kushuka. Zako zimechoka zikiwa na 30. Usikimbilie kusema zimezeeka. Hesabu ya umri ikiwa salama, chunguza mazingira.

Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 81 ya lile la pwani. Inkubeta ukiiwekea kabonidayoksaidi asilimia 5, kiasi halisi cha gesi kinachoyeyuka kwenye midia (kimiminika cha kuoteshea seli) ni sawa na asilimia 4.1 ya Dar es Salaam. Matokeo yake pH hupanda kwa karibu 0.09, na midia huwa ya waridi kidogo hata asubuhi kabla hujafungua mlango. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini seli inaishi ndani yake usiku na mchana kwa miezi. Midia ya DMEM ina bikabonati nyingi, kwa hiyo hata pwani kwa asilimia 5 huwa juu kidogo; huku hali inazidi. Dawa ni kupandisha kiwango hadi karibu asilimia 6, halafu kupima pH ya midia iliyolala usiku kucha ndani ya inkubeta. Uamini kipimo cha midia kuliko namba ya mlangoni, maana vihisi vya inkubeta havisomi sawasawa kwenye miinuko.

Hewa ya kawaida ya inkubeta nayo ina oksijeni nyingi kuliko ile inayoizoea seli mwilini. Tangu miaka ya 1970 inajulikana kwamba fibroblasti zikioteshwa kwenye oksijeni kidogo huishi maradufu zaidi. Kwa hiyo usilinganishe flaski ya oksijeni asilimia 3 na ya hewa ya kawaida ukaita tofauti hiyo umri.

Mwanga ni adui ambaye hatumtaji. Riboflavini iliyomo kwenye midia, hasa ikiwa pamoja na HEPES (kemikali ya kudhibiti pH), ikipigwa na mwanga hutengeneza haidrojeni peroksaidi. Chupa ya midia iliyoachwa karibu na dirisha linalotazama mlima Loleza, jua la saa tano likiingia, inatosha kuzisumbua seli kwa siku kadhaa. Funika chupa kwa karatasi ya alumini.

Kisha mycoplasma, bakteria mdogo mno anayevamia seli. Haionekani kwa hadubini ya kawaida, haichafui midia, ila inapunguza mwendo wa seli na kugeuza kila kitu ndani yake. Pima kila mwezi. Otoklevu nayo, kwa kuwa tuko juu, isomwe kwa joto: ukiiendesha kwa mshale wa shinikizo uliozoeleka pwani, hutafika nyuzi 121.

Dalili: histoni H3 imeshuka kwenye bloti ya seli za zamani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipoanguka sisi wenyewe.

Mwaka wa kwanza wa kazi hii tulifanya bloti, yaani kutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili. Tulipakia mikrogramu 20 za protini kwa kila shimo la jeli: seli changa kushoto, za zamani kulia. H3 ikashuka karibu nusu. H4 pia. Tulifurahi kupita kiasi, kwa kuwa mwaka 2010 kundi la Jan Karlseder lilikuwa limechapisha kwamba fibroblasti zinazokaribia mwisho wa maisha yake hutengeneza H3 na H4 kidogo. Tukaona tumerudia jambo kubwa tukiwa Mbeya. Tulishaanza kuchora bango.

Aliyetuokoa ni mwanafunzi aliyeuliza, kwa sauti ndogo tu, mikrogramu 20 za seli za zamani zinatoka kwenye viini vingapi. Hatukuwa na jibu. Seli iliyozeeka hutanuka. Huwa bapa na kubwa mara kadhaa kuliko changa, na sehemu kubwa ya protini yake iko nje ya kiini. Ukipakia kwa uzito wa protini, shimo la kulia lina viini vichache zaidi. Histoni zinafuata DNA, hazifuati ukubwa wa seli. Lazima zionekane zimeshuka, hata kama ndani ya kila kiini hakuna kilichobadilika.

Tulirudia kwa kuhesabu seli, idadi ileile kila upande. Pengo likapungua sana, ingawa halikuisha. Bado hatukuwa huru. Flaski changa inayokua ina seli nyingi zilizo katikati ya kunakili DNA au zilizokwisha kuinakili, na hizo zina histoni hadi maradufu. Seli zilizozeeka nyingi zimesimama kabla ya kunakili. Ukilinganisha hizo mbili unapima mzunguko wa mgawanyiko pamoja na uzee, vimechanganyika.

Kwa hiyo, ukiona H3 imeshuka, pita njia hii. Pima DNA ya kila sampuli na upakie kulingana nayo. Weka sampuli ya tatu: seli changa zilizopumzishwa, ama kwa kuziacha zijae flaski mpaka zigusane kwa siku kadhaa, ama kwa kuzipunguzia seramu. Seli iliyopumzika haigawanyiki, lakini ukiipa nafasi na seramu inaamka. Iliyozeeka haiamki. Mabadiliko yakionekana kwa iliyozeeka na yasionekane kwa iliyopumzika, hapo una jambo la kusema. Yakionekana kwa zote mbili, umepima kusimama tu. Sioni sababu ya mtu kuchapisha bloti ya uzee isiyo na sampuli hii ya tatu.

Halafu tazama rangi ya jeli yenyewe kabla ya kingamwili. Histoni nne za msingi, H2A, H2B, H3 na H4, zinapaswa kuwepo kwa viwango vinavyokaribiana, maana kila fundo la kromatini lina mbilimbili za kila aina, na DNA ya jozi 147 imelizunguka. Zote nne zikishuka pamoja, tatizo ni upakiaji au utoaji. H3 ikishuka peke yake, shuku kingamwili au mkato. Mkia wa H3 hukatwa kirahisi: tripsini iliyobaki baada ya kubandua seli inatosha kuukata, na katika seli zilizozeeka H3.3, aina mojawapo ya H3, hukatwa hata na vimeng'enya vya seli yenyewe. Kingamwili inayoshika mkiani haitauona mwili uliobaki. Jaribu nyingine inayoshika mwisho wa upande wa pili. Ukiona mstari mdogo chini ya ule wa kawaida, umeupata mkato. Baada ya hapo zima tripsini vizuri kwa seramu, osha mara mbili, na uweke vizuizi vya vimeng'enya tangu hatua ya kwanza. Mkato ukibaki pamoja na hayo yote, huenda ni wa seli yenyewe, na huo unastahili kufuatiliwa.

Kuna mambo ya jikoni ambayo huwezi kuyakwepa. Histoni tunazitoa kwa asidi, haidrokloriki ya 0.2 M, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Unayefuatilia asetili, alama nyingine ya histoni, weka sodiamu butireti kwenye kila kimiminika, vinginevyo vimeng'enya vitazifuta alama zako ukiwa bado unasubiri sentrifuji. Jeli iwe ya asilimia 15, na utando uwe wa vitundu vya mikromita 0.2, kwenye utando wa 0.45 H4 hupenya na kupotea, kisha unaandika kwamba imeshuka. Na maji ya huku huchemka karibu nyuzi 94. Mwongozo ukisema chemsha sampuli kwenye nyuzi 100, sufuria ya maji haitakufikisha kamwe. Tumia kipasha joto cha chuma, funga vifuniko kwa nguvu, na uache dakika 10 badala ya 5.

Dalili: vidoa vya kromatini havionekani

Mwaka 2003 Masashi Narita na wenzake, katika maabara ya Scott Lowe huko Cold Spring Harbor, walieleza vidoa vinavyong'aa ndani ya viini vya fibroblasti zilizozeeka zikipakwa DAPI, rangi inayong'arisha DNA. Kila kidoa kwa kawaida ni kromosomu moja iliyojikunyata. Wanafunzi husoma hapo, hupiga picha zao, huona kiini laini kama ugali wa sembe, na hukata tamaa.

Sababu ya kwanza ni ukoo. BJ huonyesha vidoa hivi kwa nadra. Ya pili ni njia ya kuzeesha: seli iliyozeeshwa kwa kuingiziwa jeni la saratani, kama RAS, hutoa vidoa vikali kuliko iliyozeeka taratibu kwa kugawanyika. Ya tatu ni haraka. Seli ikisimama leo haiwi na vidoa kesho. Mpe siku kadhaa. Ya nne ni hadubini: lenzi ya mara 20 haitoshi, tumia ya mafuta ya mara 60 au 100, na usikandamize kioo cha juu.

Ukishaviona, tafuta pia HMGA2 na macroH2A mahali hapohapo. Bila protini hizo, usitangaze.

Kuna fumbo hapa linalowachanganya hata watu wazima. Picha inaonyesha H3K9me3, alama ya kromatini iliyofungika, imejikusanya kwenye vidoa, lakini bloti inasema kiasi chake hakijaongezeka. Wote wawili wanasema kweli. Alama nyingi zilikuwepo tangu awali. Kilichobadilika ni mahali zilipo, kromatini iliyokwisha kufungika imesogezwa pamoja, ya H3K9me3 katikati na ya H3K27me3 ikiizunguka kama pete. Bloti huhesabu, haioni nafasi. Na mwelekeo unaweza hata kugeuka: mwaka 2006 Paola Scaffidi na Tom Misteli waliona H3K9me3 na HP1 zikipungua kwenye seli za wagonjwa wa projeria (ugonjwa wa kuzeeka mapema), na dalili za namna hiyo kwenye seli za wazee. Kwa hiyo swali la "H3K9me3 hupanda au hushuka na uzee?" halina jibu moja. Sema ni ukoo gani, umezeekaje, na umepima kwa njia ipi.

Dalili: vidoa viko hata kwenye seli changa

Kila kiini, tangu siku ya kwanza, kina vidoa vikali vya DAPI? Viini vya panya viko hivyo kwa asili yake. Kama maabara yenu hutumia seli za panya kwa kazi nyingine, chukulia kwamba zimeingia kwenye flaski yako hadi upimaji wa alama za DNA ukuonyeshe vinginevyo.

Dalili: vitone vya DAPI nje ya kiini

Dalili hii naipenda kwa sababu inatenganisha anayetazama na anayeangalia tu. Kuna vitu vitatu vinavyofanana. Vitone vidogo mno, vingi, vimetapakaa mwili mzima wa seli na hata kwenye nafasi kati ya seli na seli: hiyo ni mycoplasma, acha kila kitu. Kitone kimoja au viwili vya mviringo, vyenye ukingo safi na mara nyingi lamini: ni viini vidogo vilivyotokana na mgawanyiko ulioharibika. Vipande vichache karibu na kiini, visivyo na umbo maalumu, vyenye γH2AX na H3K27me3 kwa wingi lakini bila 53BP1, protini ya ukarabati wa DNA: hivyo ni vipande vya kromatini vinavyotoka kiini cha seli iliyozeeka baada ya wavu wa lamini B1 kulegea. Vipande hivi si takataka. Kihisi cha seli kiitwacho cGAS huviona kama DNA ya mvamizi, na mwamko wake huchangia seli kumwaga IL-6, IL-8 na kemikali nyingine za uvimbe. Aliyevidhania mycoplasma akatupa flaski ametupa kitu alichokuwa akikitafuta. Aliyefanya kinyume chake ameandika makala kuhusu bakteria.

Dalili: lamini B1 imetoweka

Lamini B1 ni kipimo ninachokiamini kuliko vingi, kwa sababu hushuka kwenye uzee na haishuki kwenye mapumziko. Lakini lamini ni ngumu kutoa. Ukitumia kimiminika laini cha kuvunjia seli, hubaki chini ya kichupa pamoja na mabaki, unaitupa. Pima lamini A/C kwenye sampuli hiyohiyo. B1 ikishuka huku A/C ikibaki, ni uzee. Zote zikipungua, rudia kwa SDS, sabuni kali, na mawimbi ya sauti.

Dalili: kila kiini kinawaka γH2AX

Seli iliyozeeka ina vidoa vichache vinavyohesabika, vinavyobaki siku hadi siku. Kiini kizima kikiwaka kama taa, hiyo ni seli inayokufa, au inayonakili DNA kwa shida. Tafuta chanzo kwenye mazingira: umeme uliokatika usiku na inkubeta ikapoa, kwani Juni na Julai chumba chetu kinakuwa baridi kweli, midia iliyopigwa na jua, tripsini iliyoachwa muda mrefu. Wape siku tatu za utulivu, upake tena. Vidoa vya jeraha la muda vitakuwa vimepungua. Vya uzee vitakuwa bado vipo.

Dalili: rangi ya bluu kila mahali, hata kwa changa

Kipimo cha kimeng'enya cha beta-galaktosidasi kwenye pH 6, kinachozipaka bluu seli zilizozeeka na kilichoanza kutumika kwa uzee mwaka 1995, hudanganywa na flaski iliyojaa kupita kiasi na seli zilizokosa seramu. Paka zikiwa na nafasi. Weka kwenye nyuzi 37 bila kabonidayoksaidi, maana gesi hiyo hushusha pH na kila seli hugeuka bluu.

Dalili: EZH2 imeshuka, p16 haijapanda

EZH2 hushuka pia kwa seli yoyote iliyoacha kugawanyika, hata iliyopumzika. Peke yake haithibitishi kitu. Kama ukoo wako ni BJ, huenda p16 isipande vya kutosha, tazama p21, protini nyingine inayosimamisha mgawanyiko.

Dalili: HMGB1 imejaa kwenye midia

Inatoka kwenye seli zilizozeeka, ndiyo, ila seli zilizokufa huimwaga zaidi. Hesabu zilizokufa kwa rangi ya trypan blue kabla. Kisha tazama viini vyenyewe: seli iwe hai, imeshika chini, na kiini chake kiwe kimebaki bila HMGB1.

Dalili: wazee wamefufuka

Flaski ilisimama kwa wiki tano, bluu imekubali, lamini B1 imeshuka. Jumatatu unakuta kishada cha seli ndogo zinazogawanyika upesi, na baada ya wiki flaski imejaa. Furaha inakuja haraka, kwamba umepata seli iliyovuka ukomo wa Hayflick. Fibroblasti za kawaida za binadamu karibu hazifanyi hivyo zenyewe; waliofanikiwa kuzivusha mwaka 1998 walizipa telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha telomea, kwa makusudi. Kisa cha kawaida ni seli nyingine iliyoingia kwa pipeti au chupa ya pamoja ya midia, na mara nyingi ni HeLa, zilizotoka kwa Henrietta Lacks mwaka 1951 na zimevamia maabara nyingi duniani tangu hapo.

Toa kishada hicho kidogo kwa ajili ya upimaji wa alama za DNA, kisha tia dawa ya klorini kwenye flaski nzima. Chupa ya midia iliyotumika siku hizo, itupe hata kama imebaki nusu. Rudi kwenye daftari utazame nani alifanya kazi na HeLa kwenye kabati lilelile, siku gani, na flaski gani nyingine zilifunguliwa baada yake. Hizo nazo zipimwe kabla hazijarudi kwenye inkubeta, na bloti zote zilizotoka kwenye flaski hiyo tangu siku hizo ziwekwe kando mpaka majibu yarudi.